Kifuniko kilichopasuka: kisa cha sanduku la mbao la pedi ya gemu, Tanga

Majina ya watu, namba ya barabara na tarehe nimeviondoa. Mwenye pedi nitamwita kijana. Seremala nitamwita fundi, kama wateja wake wote wanavyomwita. Mimi niliitwa baadaye, kifuniko kilipokwisha kupasuka, ili niangalie nyaya, nikabaki mpaka sanduku la pili lilipokamilika. Ya mwanzo nimeyapata kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yalilingana karibu kila mahali.

Usuli

Kijana anapenda gemu za ngumi, zile ambazo watu wawili hupambana kwenye skrini moja. Pedi ya kawaida ilikuwa inamuumiza kidole gumba. Akataka pedi ya mtindo wa mashine za gemu za Japani, yenye joistiki (kijiti cha kuelekezea) ya kichwa cha duara upande wa kushoto na batani nane kubwa upande wa kulia, vyote vimepachikwa juu ya sanduku linalokaa mapajani au mezani. Iliyokamilika ilimshinda bei, kwa hiyo akaagiza viungo tu.

Vilivyofika vilikuwa vizuri. Joistiki ilikuwa na swichi ndogo nne, moja kwa kila upande. Batani zilikuwa za milimita 30, za aina ya kubana: unaisukuma kwenye tundu na masikio yake mawili ya plastiki yanashika chini ya bamba, bila nati. Bodi ilikuwa ndogo, yenye chipu ya ATmega32U4, ambayo inajua kujitambulisha kwenye kompyuta kama pedi moja kwa moja kupitia USB. Wengi huanza na bodi iitwayo Arduino Uno kisha wakashangaa kompyuta haioni pedi yoyote. Chipu kuu ya Uno za toleo la R3 na kabla yake, ATmega328P, haina USB yake yenyewe. Kijana alikuwa ameshasoma hilo. Alijua pia kwamba PlayStation 4 na 5 hukagua pedi na kuzikataa zisizo na uthibitisho, kwa hiyo hii yake ilikuwa ya kompyuta tangu mwanzo.

Kwa upande wa umeme, basi, alikuwa amejiandaa. Kwa upande wa mbao alikuwa na picha kwenye simu.

Fundi ana karakana Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kazi yake kubwa ni milango, vitanda na kabati. Hakuwahi kutengeneza sanduku la pedi, lakini mbao anazijua, na jambo hili lina uzito katika kisa hiki.

Mambo yalivyokwenda

Kijana alifika, akamwamkia fundi, akamwonyesha picha. Sanduku la urefu wa sentimita 36, upana 24, kimo 7. Kifuniko alitaka kiwe ubao mmoja mzima wa mtiki, nyuzi zikienda kushoto kwenda kulia, bila skrubu hata moja inayoonekana juu. Viungo vyenyewe aliviacha nyumbani. Vipimo vya matundu alikuwa ameviandika kwenye karatasi.

Mtiki haukuwa shida kuupata. Mkoa huu una shamba la miti la Longuza, wilayani Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na mbao zake zinafika mjini. Shida ilikuwa msimu. Ilikuwa masika, na ubao aliokuwa nao fundi ulikuwa umelala barazani, mvua ikipiga pembeni yake. Fundi aliushika, akaupima mkononi, akasema, "Mwanangu, mbao hii haijatulia. Tuilaze ndani kwanza, juu ya fito, hewa ipite pande zote."

Kijana akajibu kwamba ana mashindano na wenzake karibuni, na hawezi kungoja.

Fundi alikubali. Aliupiga randa ubao ukabaki milimita 20, akatengeneza fremu ya pande nne kwa kona za meno ya kuumana, akatoboa matundu ya batani kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili. Kisha kijana akaleta viungo, na hapo ndipo batani zilipokataa kukaa. Masikio yake hayakufika chini ya ubao. Batani za kubana zimetengenezwa kwa ajili ya bamba jembamba la chuma au plastiki, la milimita 2 hadi 4, na hapa palikuwa na mbao ya milimita 20. Joistiki nayo, ilipofungwa kwa chini, kichwa chake kilikaribia kugusa mbao. Hapakuwa na nafasi ya vidole kukizunguka.

Wakashauriana. Njia waliyochagua ilikuwa kuchimba ubao kwa chini kwa patasi, hadi zibaki milimita 4 sehemu ya batani na 6 sehemu ya joistiki. Fundi aliifanya kazi hiyo kwa ustadi wa hali ya juu. Nimeuona ule ubao, na chini yake ni sawasawa kama umepitishwa mashine. Baada ya hapo akaupaka gundi pande zote nne na kuushika kwenye fremu, kisha akaongeza skrubu kutokea ndani.

Nyaya alifunga kijana mwenyewe. Pedi ikafanya kazi, mashindano yakapita, na kila aliyeiona aliisifia.

Baadaye kijana alianza kuiacha kwenye chumba cha gemu cha rafiki yake, chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa usiku. Wiki chache zikapita. Siku moja, katikati ya mchezo, alisikia mlio mkavu. Ufa ulikuwa umekata safu ya juu ya batani, ukapita tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, ukaendelea hadi karibu na ukingo. Siku hiyohiyo batani tatu na ile ya kuanzia mchezo zikafa kwa pamoja.

Maamuzi, na kila mmoja alikuwa na sababu gani

Ni rahisi kumlaumu kijana kwa haraka, au fundi kwa kukubali. Nawasihi wasomaji wasianzie hapo, kwa sababu kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa na maana.

Ubao mmoja mzima ulichaguliwa kwa uzuri wake. Mtiki ukipigwa msasa na kupakwa mafuta una mistari ambayo plaiwudi haiwezi kuwa nayo, na mtu anayejenga kitu chake mwenyewe ana haki ya kukitaka kizuri. Unene wa milimita 20 ulitoka kwa fundi. Kwa mtu wa milango, huo ni unene wa kawaida kwa kitu kitakachopigwapigwa, na kijana alikuwa amemwambia waziwazi kwamba batani hupigwa kwa nguvu. Gundi pande zote ilitokana na sharti la skrubu zisionekane. Kuchimba chini kulitokana na ukweli kwamba ubao ulikuwa umeshakatwa na pesa ya mbao nyingine haikuwepo.

Uamuzi mmoja tu ndio ninaoweza kusema ulifanywa huku hatari yake ikijulikana: kutumia mbao isiyotulia. Na aliyejua hatari hiyo aliisema kwa mdomo wake kabla ya kushika msumeno.

Sanduku la pili

Nilipofika karakanani, kijana alikuwa anapendekeza ufa ujazwe gundi na vumbi la mbao. Fundi hakutaka. Nami nilikuwa upande wa fundi, kwa sababu kilichoufungua ule ufa kilikuwa bado kinavuta.

Fundi ndiye aliyetoa jawabu. Alionyesha mlango wa paneli uliokuwa umeegemezwa ukutani, unasubiri vanishi. "Tuufanye hivi," akasema. "Fremu nyembamba, katikati paneli ndani ya mfereji. Mlango unakaa kwenye jua na mvua na haupasuki."

Safari hii viungo vyote viliwekwa juu ya meza ya fundi kabla ya kitu chochote kukatwa. Alizipima batani mwenyewe. Aliishika joistiki, akaizungusha, akauliza inaingia chini kiasi gani, nyaya zinatokea wapi, na nani ataifungua ikiharibika. Kwa fremu alichagua vipande vya mninga kutoka kitanda kikuukuu kilichovunjwa, mbao iliyokuwa imekaa ndani ya nyumba miaka mingi. Kwa katikati, plaiwudi ya milimita 3, ambayo batani za kubana zinaikubali bila kuchimba chochote.

Plaiwudi nyembamba hivyo hunepa ikipigwa, kwa hiyo chini yake alipitisha ufito mmoja kati ya joistiki na batani, na mwingine mdogo kati ya safu mbili za batani. Joistiki haikufungwa kwenye plaiwudi kabisa. Bamba lake la chuma lilifungwa kwa boliti kwenye fito mbili zilizoshikana na fremu, ili nguvu za mkono ziende kwenye mbao nene na plaiwudi ibaki na kazi ya kufunika tu.

Kabla ya kutoboa, nilimwomba kijana akate boksi gumu la ukubwa uleule, achore mkono wake juu yake ukiwa umelegea, kisha atoboe na apachike batani humo humo kwenye boksi. Alicheza nalo usiku mzima. Kesho yake alisogeza batani ya kidole cha shahada chini kidogo na ya kidole cha kati juu kidogo, na akagundua kwamba ukingo wa mbele unamkata kifundo cha mkono. Fundi akauduarisha ukingo huo kwa randa na msasa mpaka mkono ukapita bila kuhisi kona.

Upande wa nyaya nilikuta tatizo lililokuwa limejificha tangu mwanzo. Kila batani ina nyaya mbili: mmoja unaenda kwenye pini yake kwenye bodi, mwingine unaenda kwenye waya wa pamoja wa sifuri, unaorudisha umeme kwenye bodi. Huo wa pamoja kijana alikuwa ameuruka kutoka batani hadi batani, kisha ukaishia kwenye ya mwisho. Kifuniko kilipopasuka kilivuta kiungo kimoja cha katikati kikachomoka, na zote zilizokuwa mbele yake zikakosa njia. Dawa ni ndogo sana: toa waya mwingine kutoka batani ya mwisho uurudishe kwenye bodi, uwe mzunguko. Kiungo kimoja kikiachia, umeme unapita upande wa pili.

Na kuhusu waya wa USB. Soketi ndogo iliyo kwenye bodi za aina hii imeshikwa na risasi ya kulehemu kidogo tu, na mtu akijikwaa kwenye waya soketi hung'oka pamoja na njia zake za shaba. Tuliweka soketi nyingine imara iliyofungwa kwa skrubu kwenye ubao wa nyuma, na kutoka hapo waya mfupi ndani ukaenda kwenye bodi, ukiwa umebanwa kwenye mbao njiani. Mtu akijikwaa sasa, mbao ndiyo inayopokea.

Matokeo

Pedi imekaa kwenye chumba kile kile chenye kiyoyozi, ikapita masika nyingine, na fremu haijafunguka wala paneli haijapinda. Batani zote zinafanya kazi. Kitako kimefungwa kwa skrubu tu, hakina gundi, na kijana ameshakifungua mwenyewe kubadilisha swichi moja ya joistiki iliyochoka.

Kuna yaliyopotea. Plaiwudi ya milimita 3 inavuma. Ukipiga batani kwa kasi, chumba kizima kinasikia. Sponji iliyobandikwa chini ya paneli imepunguza sauti lakini haijaimaliza. Na kwa macho, sanduku la kwanza lilikuwa zuri zaidi. Kijana hasemi hivyo mbele ya fundi, lakini ule ubao wa mtiki uliopasuka bado anao nyumbani, ameuweka kwenye rafu.

Uchambuzi

Nianze na ufa, kwa sababu watu wengi waliouona walisema mtiki ulikuwa mbaya, au batani zilipigwa kwa nguvu mno. Vyote viwili si kweli. Mtiki ni katika mbao zinazotulia vizuri kuliko nyingi. Kilichotokea kinaweza kuhesabiwa.

Mbao huchukua unyevu wa hewa iliyo nayo. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa pwani yetu wakati wa masika, mbao hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kwenye chumba cha kiyoyozi chenye unyevu wa asilimia 50 hushuka hadi karibu 9. Mtiki, kutoka ubichi hadi ukavu kamili, husinyaa takriban asilimia 5.8 kwa kufuata duara la gogo na asilimia 2.5 kutoka moyoni kwenda gandani. Kwa urefu wa nyuzi hausinyai kiasi cha kutajwa. Chukua ubao wa upana wa milimita 240, uushushe kutoka 16 hadi 9, nao utapungua kati ya milimita 1.4 na zaidi kidogo ya 3, kutegemea gogo lilivyopasuliwa. Hapo nimedhani ubao ulikuwa umeshafikia hali ya hewa ya nje. Huu wa barazani, ulionyeshewa, pengine ulianzia juu zaidi.

Sasa ubao huo unataka kupungua milimita kadhaa, na umeshikwa kwa gundi na skrubu pande zote nne. Ubavu wa kushoto na wa kulia wa fremu, nyuzi zake zinakwenda mbele kwenda nyuma, kwa hiyo wenyewe haupungui kwa upande huo. Kifuniko hakina pa kwenda. Lazima kitu kiachie, na kinachoachia ni mahali penye mbao kidogo kuliko kwingine. Batani zilipangwa kwa safu, umbali wa milimita 36 kutoka kitovu hadi kitovu. Toa tundu la milimita 30, kati ya tundu na tundu inabaki mbao ya milimita 6, yenye unene wa 4 baada ya kuchimbwa. Safu hiyo inafuata nyuzi za mbao, na mbao hupasuka kwa kufuata nyuzi. Kwa maneno mengine, mstari wa ufa ulikuwa umeshachorwa siku matundu yalipotobolewa.

Hili ndilo linalonifanya niamini kwamba hata mbao kavu isingelisalimisha kabisa lile sanduku la kwanza. Ingelichelewa tu. Kifuniko kipana cha mbao nzima kinahitaji ruhusa ya kusogea: skrubu zipite kwenye matundu marefu, au kishikwe katikati tu na kingo ziwe huru. Fremu na paneli inatatua jambo hilo kwa njia nyingine. Vipande vya fremu vina upana wa sentimita 4 tu, na kipande chembamba kinasogea kidogo sana. Plaiwudi nayo matabaka yake yamepishanishwa nyuzi, moja linalizuia jingine. Mafundi wa pwani wamekuwa wakitengeneza milango ya paneli kwa vizazi. Fundi wetu alikuwa na ujuzi huo wote mkononi siku ya kwanza, na hakuna aliyemuuliza.

Na hapo ndipo naona kosa lenyewe lilipo. Kijana alimletea fundi umbo lililokwisha kuamuliwa, badala ya kumletea tatizo. Picha ya simu haina unene. Karatasi ya vipimo ilisema tundu ni milimita 30, haikusema bamba liwe na unene gani, kwa sababu kijana hakujua kwamba hilo ni swali. Fundi naye alijua kwamba mbao itasogea, lakini hakujua kwamba batani zitaufanya ubao uwe mwembamba kiasi kile. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari, na nusu hizo mbili zilikutana ubao ukiwa umeshakatwa. Ukienda kwa seremala na kazi ya aina hii, beba joistiki, batani zote, bodi na waya, uviweke mezani kwake, kisha umweleze mkono wako unafanya nini. Umbo liamuliwe baada ya hapo.

Kilichofanya kazi tangu mwanzo kisisahaulike. Kona za meno ya kuumana hazikutikisika hata kifuniko kilipopasuka. Mtiki una mafuta na gundi ya mbao huwa haiushiki vizuri ukikaa. Fundi alipaka gundi mara tu baada ya kupiga randa, na kabla ya hapo alipitisha kitambaa chenye tina. Wengi huruka hatua hiyo. Kijana naye alifanya vyema kuchagua bodi sahihi na kujifunza kulehemu mwenyewe. Ndiyo sababu leo anaweza kuitengeneza pedi yake bila kumwita mtu. Na lile boksi gumu, ambalo halikugharimu kitu, liliwezesha mabadiliko mawili ambayo kwenye mbao iliyokwisha kutobolewa yasingewezekana. Vumbi la mtiki na mninga linawasha macho na kifua. Kijana alipiga msasa sanduku la kwanza bila kufunika pua, akakohoa kwa siku kadhaa, na mara ya pili alivaa barakoa.

Limebaki suala la malipo, ambalo liliwafanya wasisemezane kwa muda. Kijana aliona fundi ndiye aliyetengeneza, kwa hiyo agharamie cha pili. Fundi aliona alionya. Mwishowe kijana alilipia vifaa na fundi akatoa nguvu zake kwa nusu ya bei. Nafikiri fundi alitoa zaidi ya haki yake. Mteja akishaambiwa mbao haijatulia na bado akasisitiza, hatari ya mbao kusinyaa imehamia kwake. Ila fundi naye anahitaji kulisema hilo lote, hadi mwisho wake: "Nikiitumia leo itapasuka, na ikipasuka utalipa mwenyewe." Kijana anasema angeyasikia maneno hayo, angesubiri.